Wategemezi Arobaini na Mmoja wa Mwalimu Maige

Inatangazwa kwa wananchi wote, wakulima kwa wafanyakazi, pamoja na wale ambao kazi yao ni kuhudhuria mikutano, kwamba Ndugu Maige Kashindye, mwalimu wa Kiswahili, mkazi wa Mkolani, mume wa mke mmoja na adui wa inzi wote, amerejea salama kutoka Uingereza akiwa mtu wa kwanza katika ukoo wake, na yawezekana katika ufukwe wote wa ziwa kuanzia Mwanza hadi Bukoba, kuielewa kodi ya mapato. Akina mama wapige vigelegele. Wanaodaiwa mchango wa Mwenge wakae kimya.

Huyu Maige alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Alishika chaki kwa kipande cha karatasi. Kikombe alikiosha kabla ya kunywa na baada ya kunywa, na akiwa ugenini, ambako si adabu kuomba maji ya kuoshea, alikiosha kwa macho. Mkewe, Bernadetta, muuguzi kutoka Bukoba asiyeogopa usaha wala damu, alizoea kumwambia, "Baba watoto, wewe siku uliyozaliwa lazima uliangalia huku na huku ukaomba urudi ndani." Maige hakucheka. Alikuwa anaangalia kidole alichomnyooshea, kama kina unga wa muhogo.

Alikwenda Uingereza mwaka wa sabini na nne, na sababu ya kuchaguliwa ilikuwa ya kawaida tu. Kulikuwa na chuo kimoja huko kilichowafunza Kiswahili vijana wa Kizungu waliojitolea kuja Tanzania kumfundisha mkulima kulima. Chuo kikaomba mwalimu mmoja. Mkoani walikuwepo watatu mbele ya Maige. Wa kwanza alikuwa na kesi. Wa pili alikuwa na ng'ombe wengi, akakataa kuwaacha na shemeji zake. Wa tatu alikuwa mtu wa Tanga aliyekijua Kiswahili kuliko mkoa mzima, na ofisi ikaona mtu kama huyo hawezi kuachiwa atoke nchini. Akabaki Maige.

Kabla ya kuondoka alikwenda Misungwi kumuaga mama yake, Kabula. Alimkuta katika kijiji kipya kilichoitwa Juhudi, mahali ambapo mwaka ule ule Operesheni Vijiji ilikuwa imewashusha watu na vyungu vyao, ikawapanga kwenye mistari kama darasa la kwanza. Nyumba ya zamani ya Kabula ilikuwa kule kwenye mawe, imara, imeezekwa na mtu aliyejua kuezeka. Hii mpya iliezekwa na mgambo waliokuwa na haraka. Ilikuwa na mlango, ilikuwa na namba, na ilipitisha mvua kama chujio la pombe.

"Mwanangu," mama alimwambia, "mvua ikinyesha nalala nimekaa. Kila tone likinidondokea usoni nalitaja jina lako."

"Kwa nini langu, mama? Mimi ndiye niliyekuhamisha?"

"Walionihamisha sijui majina yao."

Maige akatazama juu. Katika majani ya paa kulikuwa na kitu kinatembea, kirefu kuliko mjusi na kifupi kuliko nyoka. Akaapa pale pale: akirudi, mama atalala chini ya bati. Si kipande, nyumba nzima. Kabula akaitikia kwa kukung'uta blanketi lake, na kilichodondoka Maige hakutaka kukitaja hata baada ya miaka.

*

Uingereza ilimchukiza kwa namna yake. Watu walioga maji yaliyotuama, wakikaa katika uchafu wao wenyewe kama viazi kwenye sufuria, kisha wakatoka wakijiita wasafi. Mbwa alilambishwa sahani. Kabichi ilichemshwa mpaka ikakata tamaa. Lakini kilichomtia kinyaa kikubwa kuliko vyote kilikuja mwisho wa mwezi, katika bahasha ya kaki.

Aliichukua bahasha hadi dirishani kwa Bi Hodges, karani wa mishahara, mama mwembamba mwenye sweta la rangi ya uji.

"Mama, kuna mtu ameifungua bahasha yangu akachukua fungu lake."

"Hakuna aliyeifungua, Bwana Kashindye. Hiyo ni kodi ya mapato."

"Amechukua nani?"

"Serikali."

"Ipi?"

"Hii ya hapa."

"Lakini mimi si raia wake."

"Haikukata uraia," alisema Bi Hodges bila kucheka. "Imekata mshahara."

Kisha, kwa subira ya mtu aliyekwisha kuwaeleza wageni wengi, akamweleza. Kila mtu ana kiasi fulani cha mshahara ambacho serikali haikigusi, apate kula. Mwenye mke na watoto huachiwa zaidi kidogo. Mwenye mama mjane anayemtunza huachiwa zaidi tena. Kinachobaki juu ya hapo ndicho kinachokatwa, na anayepata zaidi hukatwa zaidi. Lakini mgeni, kwa kuwa serikali haijajua habari zake, hupewa namba ya kodi ya dharura, akakatwa kama mtu aliye peke yake.

"Kwa hiyo katika hesabu zao," aliuliza Maige polepole, "mimi sina mtu?"

"Kwa sasa, huna."

Hapo ndipo uso wa Maige ulipobadilika. Kukatwa pesa angeweza kuvumilia. Mtanzania wa miaka ile alikuwa amekatwa vitu vingi. Lakini Msukuma wa Misungwi aandikwe mahali na mkono wa serikali kwamba hana mtu? Hata mchawi huwa na mtu! Alirudi chumbani akakaa na mambo hayo wiki nzima. Alisoma vijitabu vyao vya kodi kwa kamusi, jioni baada ya jioni, kwa chuki ileile ambayo mtu husafishia choo, yaani kwa makini sana. Na mwisho akaielewa. Aliielewa kuliko walimu wenzake Waingereza, ambao wao waliinung'unikia tu bila kuijua, na wakaanza kumletea karatasi zao awaelezee. Alizishika kwa ncha za vidole.

Kitu kimoja tu katika mambo yale yote hakikumtia kinyaa. Kila walipokata, walimpa kikaratasi: tumekata hiki, tarehe hii, kutoka kwako. Alivikunja akavipanga katika mkebe wa biskuti. Ukiibiwa na mtu anayekuandikia, alimwandikia Bernadetta, angalau unajua hutaibiwa mara mbili.

Mke na watoto aliwathibitisha kwa vyeti vya parokia. Mama ndiye hakuwa na cheti chochote, kwa sababu alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige hawaandiki. Serikali ya Uingereza ikasema: barua ya kiongozi wa kijiji itatosha, ikiwa na mhuri. Maige akamwandikia mwenyekiti wa Juhudi, Ndugu Masalu. Barua ilikuwa fupi na safi. *Naomba uthibitishe kwamba mama yangu Kabula ananitegemea, ili nipunguziwe kodi.*

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Inafaa kukumbuka Juhudi walikuwa katika hali gani. Mvua ilikuwa imekataa, na waliokuwa na mashamba kwenye mawe walikuwa wamehamishwa mbali nayo. Watu walikula mahindi ya njano yaliyokuja kwa meli kutoka kwa mabeberu, yale waliyoyaita Yanga kwa jina la timu yenye jezi za njano, na kwa mwaka mzima wanakijiji walikuwa wamejifunza somo moja tu la utawala: ukiandikwa, utakula. Wakiandika waliohudhuria, baadaye huja unga. Wakiandika wenye majembe mabovu, baadaye huja jembe. Hakuna aliyeuliza orodha ni ya nini. Mtu aliamka akisikia kalamu.

Basi Masalu akaisoma barua ya Maige mkutanoni, mbele ya kijiji kizima.

"Ndugu wananchi! Serikali ya Uingereza inataka kujua ni nani wanaomtegemea Ndugu Maige."

"Mimi!" akasema Nkwabi, baba mdogo wa Maige, ambaye hakuwahi kupokea kwa Maige hata kiberiti.

"Na mimi!" akasema Getruda, jirani. "Alisoma na marehemu kaka yangu."

"Mimi nilimwonyesha njia ya shule."

"Andika na mapacha!"

Nchi nzima miaka ile ilikuwa inajitegemea, imeandikwa ukutani na imeimbwa redioni. Juhudi peke yake, kwa kauli moja na kwa kunyoosha mikono, waliamua kumtegemea Maige. Masalu aliandika mpaka karatasi ikajaa, akageuza upande wa pili. Alipofika karibu na mwisho akasita, akatazama kushoto na kulia, akajiandika na yeye. Kisha akautoa mhuri mfukoni, akaupulizia kwa pumzi nzito yenye ugoro, haaa, akaugonga.

Jibu la serikali ya Uingereza lilimfikia Maige asubuhi ya theluji.

*Tunakushukuru kwa orodha ya wategemezi wako arobaini na mmoja. Kabla ya kuendelea, tungeomba ufafanuzi kuhusu namba thelathini na nane, Masalu, ambaye ameandikwa kuwa ni mwanao, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba wewe una miaka thelathini na minane.*

Maige akaisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi. Orodha yenyewe, waliyoiambatanisha, ilikuwa na doa la mafuta na, juu ya mhuri, alama ya kidole iliyokolea ugoro. Akaivuta karibu na pua bila kukusudia, akausikia ugoro wa Masalu, maili elfu ngapi kutoka nyumbani, mbichi kabisa. Akakimbilia chooni.

Alijibu kwa mistari miwili: orodha ifutwe, mtegemezi wake kule kijijini ni mmoja, mama. Wale Waingereza, ambao kwa siri huenda nao walikuwa na jamaa, hawakumsumbua tena. Wakamkubalia mama.

*

Mkataba wake uliisha mwaka wa sabini na sita, katikati ya mwaka wao wa kodi. Bi Hodges akamwambia kwamba kwa kuwa wamemkata kama mtu atakayefanya kazi mwaka mzima, na hakuufanya, watamrudishia kilichozidi. Maige hakuamini. Alijua kodi inavyokwenda. Hakujua kama inarudi. Lakini ilirudi. Miezi michache baada ya yeye kufika Mkolani, benki ya mjini ikamwita.

Karani wa benki, kijana aliyevaa tai wakati wa joto la saa nane, aliigeuza hati mara mbili.

"Mzee, hizi pesa ni za nini?"

"Kodi. Wamenirudishia."

"Nani amekurudishia?"

"Serikali."

Karani akainama dirishani, akapunguza sauti. "Mzee wangu, mimi nimeapa kutunza siri za wateja. Sema tu. Uliwafanyia kazi gani?"

"Nilifundisha Kiswahili."

"Haya," alisema karani kwa masikitiko, akagonga mhuri kama mtu anayemfunika maiti. Maige akaona ameiona sura hiyo mahali: ni sura ya mtu anayesubiri na yeye aandikwe kwenye orodha.

Zile pesa zote zikageuka mabati. Kugeuka kwenyewe kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji barua, na barua ilihitaji mtu ambaye hakuwepo ofisini kwa sababu alikwenda semina, na aliporudi kutoka semina alikwenda kuripoti semina. Bernadetta ndiye aliyekimaliza kwa kumshika afisa huyo wodini, alipokuja kuchomwa sindano. "Nikichoma taratibu," alimwambia, "utaandika leo?" Akaandika amelala kifudifudi.

Mabati ishirini na manne. Ishirini ya nyumba, manne ya jiko. Maige aliyafuta moja moja kwa kitambaa kabla hayajapakiwa kwenye lori, na dereva akawa anamtazama kama mtu anayeosha ng'ombe kabla ya kumchinja.

Lori lilipoingia Juhudi lilikuta kijiji kimejipanga. Hakuna aliyewaita; habari za pesa ya Uingereza zilikuwa zimelitangulia lori. Walikuwa wamesimama mstari mmoja kuanzia kwa Kabula mpaka kwenye ofisi ya kijiji, ambayo yenyewe ilikuwa kuta tupu zisizo na paa, zikisubiri msaada tangu zijengwe. Kabula alikuwa mlangoni kwake, amevaa kitenge chake cha kanisani. Alipoona mabati yanang'aa aliweka mkono mdomoni.

"Mwangaluka, mama!" alisema Maige. "Nimekuja kukuezekea."

Kabla mama hajaitikia, Nkwabi akajitokeza kutoka kwenye mstari.

"Karibu, mwanangu. Shusha taratibu. Mimi ni namba mbili."

"Namba mbili ya nini, baba mdogo?"

"Ya wategemezi."

"Mimi kumi na saba," alisema Getruda. "Nisirukwe. Kwenye unga nilirukwa."

Wote walizijua namba zao. Miaka miwili walikuwa wamezitunza kichwani, kama mtu anavyotunza namba ya kitanda cha hospitali. Na hoja yao, Maige aligundua, haikuwa ya kijinga hata kidogo. Serikali ya Uingereza iliuliza Maige ana watu wangapi. Wakajiandikisha. Serikali ikatoa pesa. Pesa ndiyo hii, imekuja kama bati. Sasa yeye anamshushia mama yake peke yake?

"Umekula majina yetu," alisema Nkwabi, "umeyatapika bati. Haya, tugawane."

Dereva alishusha, akapokea nauli yake, akaondoka kwa kasi ya mtu aliyewahi kuona mikutano. Masalu akaja akiwa na kiti chake, maana alikuwa mwenyekiti asiyeamini viti vya watu wengine. Akaketi mbele ya mabati. Akavuta ugoro, akapiga chafya, na matone yakaangukia bati la juu. Maige aliyaona yote, moja moja.

"Ndugu Mwalimu," alisema Masalu, "wananchi wanasema umewanyonya. Neno hilo ni zito. Ueleze mkutano."

Mtu mwingine angelia, au angetukana. Maige alikuwa mwalimu. Alitoa leso, akalifuta lile bati la juu, akaliegemeza ukutani, akaokota kaa la moto uliozimika, akaanza kufundisha. Aliandika namba juu ya bati kwa mkaa. Alichora mshahara kama debe la mahindi, akachora mstari katikati ya debe: chini ya mstari hawagusi, juu ya mstari wanakata. Mtegemezi, alisema, halipwi kitu. Akiwepo mtegemezi, mstari unapanda, wanakata kidogo. Asipokuwepo, mstari unashuka, wanakata zaidi. Kinachokatwa hakiendi kwa mtu. Kinajenga barabara, hospitali, maofisi ya umma.

Alifundisha vizuri sana. Pengine hajawahi kufundisha vizuri hivyo maishani mwake. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Hata Getruda alisema, "Ahaa, kumbe." Maige akahisi, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori, hewa safi ikimwingia kifuani.

"Kwa hiyo hawa hawakulipwa," alimalizia. "Wala hawakukubaliwa. Mimi kijijini hapa nina mtegemezi mmoja. Mama."

"Mmoja tu?" aliuliza Masalu kwa upole.

"Mmoja tu."

"Nkwabi si wako?"

"Ni baba yangu mdogo. Lakini hanitegemei."

"Umesikia, Nkwabi?" Masalu akageukia wananchi. "Na mimi, namba thelathini na nane, si wako?"

"Wewe uliandika kwamba mimi nimekuzaa!"

Watu wakaangua kicheko. Masalu naye akacheka, kwa muda mrefu, akifuta macho kwa kiganja. Kisha akaacha.

"Sawa. Tumeelewa somo. Sasa Mwalimu, utusaidie hesabu moja. Mtu mwenye wategemezi wengi anakatwa kidogo?"

"Ndiyo."

"Na mwenye mtegemezi mmoja?"

Maige akafungua mdomo. Akauona mtego ulivyokaa, mzuri, wa mviringo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuchora kwa mkaa. Lakini alikuwa mbele ya darasa.

"Anakatwa zaidi."

"Na mwenye mali nyingi kuliko wenzake? Katika kijiji hiki mwenye mabati ishirini na manne ni nani mwingine?"

Kuku alipita juu ya mabati, akafanya alichotaka kufanya, akaendelea na safari.

"Basi chagua mwenyewe, hatutaki kukuonea," alisema Masalu. "Tukiwa wategemezi wako, sisi ni watu arobaini na mmoja wa nyumba moja, tutagawana kama ndugu. Tusipokuwa wategemezi, wewe ni mtu wa mtegemezi mmoja, na kijiji kina ofisi isiyo na paa. Waingereza walikuwa wakikukata kiasi gani?"

Hata hapo angeweza kudanganya. Angesema sehemu ya kumi, nani angejua? Lakini ile chuki yake kwa kitu kichafu ilikuwa imefika hadi kwenye hesabu.

"Kile cha juu ya mstari, theluthi."

"Hao ni mabepari," alisema Masalu. "Sisi ni wajamaa. Nusu. Na huo mstari wako wa Kizungu, tutausogeza chini kidogo mpaka ufike chini kabisa."

"Nitayapakia nirudi nayo Mwanza!" Maige alipaza sauti, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Kwa gari lipi?" aliuliza Nkwabi.

Kabula ndiye aliyemaliza. Akautoa mkono mdomoni. Akamkaribia mwanawe akamshika kiwiko.

"Mwanangu, wewe utalala Mkolani. Mimi nitaamka hapa na hawa. Unga ukija wao ndio wanaoandika."

Maige akawatazama walivyosimama kwenye mstari. Akawaza: nikisema neno moja tu, kwamba wote hawa ni wangu, kila mmoja atachukua kipande na mama atapata kona ya bati ya kufunikia mtungi. Na itabidi niseme mbele ya watu kwamba Masalu ni mwanangu. Hakuweza kulitoa neno hilo kama ambavyo asingeweza kunywa kutoka kwenye kikombe cha Masalu.

"Mama peke yake," alisema.

"Kumi na mawili kwa kumi na mawili," alisema Masalu. "Uhuru!"

"Na kazi!" waliitikia wategemezi wote, ambao sasa walikuwa serikali.

*

Mabati kumi na mawili hayaezeki nyumba ya mabati ishirini. Maige aliezeka upande wa kitanda, akaacha upande wa mlango na majani yake. Mvua iliponyesha, Kabula alilala amelala, jambo ambalo hakulifanya tangu Operesheni, lakini asubuhi aliteremka kitandani akakanyaga maji. Alisema afadhali. Alilisema kila mara Maige alipokuja, "Afadhali, mwanangu, afadhali," na kila lilipotoka mdomoni mwake Maige alihisi kama anayelambwa sikio na mbwa wa Kiingereza.

Ofisi ya kijiji nayo ilikuwa kubwa kuliko kumi na mawili. Waliezeka upande mmoja, na kwa bahati ya ajabu upande huo ulikuwa ule wa kiti cha mwenyekiti. Lile bati alilofundishia Maige lilipigwa misumari upande wa namba ukiwa chini, hivi kwamba kila mwenye shida aliyesimama mbele ya Masalu, akiinua macho kuomba rehema, aliona debe la mahindi limekatwa katikati kwa mkaa.

Siku ya kuizindua, Maige aliitwa kutoka Mkolani. Bernadetta alikataa kwenda. "Mimi nasafisha vidonda," alisema, "siendi kuvisherehekea." Maige alikwenda kwa ajili ya mama, aliyekuwa amewekwa mbele, juu ya benchi, chini ya mbingu wazi. Alikunywa hotuba ya mwenyekiti kama dawa, akiwa amebana pumzi. Harufu ya ugoro, harufu ya jasho la kwaya, harufu ya mbuzi aliyechinjwa kwa mchango ambao naye alitozwa mlangoni. Manyunyu yakaanza, na wananchi wa upande usio na paa wakajisogeza kidogo kidogo kuelekea kwa mwenyekiti, ambaye alitandaza miguu ili wasifike.

"Ndugu wananchi!" alisema Masalu, amesimama, mkono mmoja kifuani. "Wako watu wanaokwenda Ulaya wakarudi na suti. Wako wanaorudi na wanawake. Huyu alirudi na elimu. Aliwaelewa mabeberu, akaelewa wanavyokamua, akatufundisha sisi wanyonge bila kutuficha hata hesabu moja. Leo, kwa niaba ya kijiji cha Juhudi, na kwa niaba ya vizazi vitakavyokaa chini ya bati hili, namtangaza rasmi Ndugu Maige Kashindye kuwa mlipa kodi wa kwanza wa kijiji chetu!"

Kwaya ikapiga vigelegele. Nkwabi akapiga makofi juu ya kichwa. Masalu akatema ugoro kwenye saruji mpya, pembeni kidogo tu ya kiatu cha mgeni wa heshima, akajipangusa, akamnyooshea mkono ule ule.

"Ndugu Mwalimu, kijiji kizima kinakusikiliza. Sema neno."

Maige akasimama. Akautazama mkono bila kuushika. Akamtazama mama yake, mvua ikimdondokea usoni, midomo yake ikitaja jina la mtu.

"Naomba risiti," alisema.